Saa Kumi Kamili

Tangu joto lilipozidi na mitambo ya kufua umeme ikashindwa kukidhi mahitaji ya mchana, mji mzima ulikuwa ukiishi kwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani mwa chumba cha udhibiti, katika kituo cha kupoza umeme. Karatasi hiyo ilikuwa ratiba ya mgawo. Haikuwa na jina la mtungaji, lakini hapakuwa na mtu asiyemjua. Alikuwa msimamizi wa zamu ya mchana, mtu mrefu, mkavu, mwenye mashati yaliyonyooshwa pasi kama ya gwaride, ambaye watu wa mitaani walimwita Bwana Kamili.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya tangazo lake. Kila asubuhi alijirekodi katika simu, akawatumia wenyeviti wa mitaa, nao wakaisambaza sauti yake hadi kwenye vipaza sauti vya sokoni: "Laini ya Tatu itakatwa saa nane kamili, itarudishwa saa kumi kamili." Na ikawa hivyo. Kwa wiki tatu hakuchelewa hata nusu dakika. Shuleni, enzi za bweni, alikuwa mpiga kengele kwa miaka minne; wenzake walimchukia kila alfajiri, ila walimu walirekebisha saa zao kwa kengele yake, na fahari ile haikumtoka hata alipoota mvi. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa katika Laini ya Tano na ilikatwa kama nyingine. Mkewe alishazoea kumwuliza habari zote za dunia isipokuwa za umeme.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Saa kumi kasoro sekunde thelathini alisimama mbele ya jopo la swichi, mkono wa kulia juu ya kishikio cha Laini ya Tatu. Nyuma yake aliketi msaidizi wake, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Pacha, macho kwenye kipimo cha mzigo.

"Mzee, mwenzio nimepika uji wa wanangu kwenye jiko la mkaa wiki tatu," alisema Mama Pacha. "Nikistaafu nitakushtaki kwa masizi."

"Soma mshale."

Mshale wa saa ya ukutani ulifika juu. Akazungusha kishikio.

"Mia tatu," Mama Pacha alisoma. "Mia nne. Mia tano na... Mzee, mia sita!"

Kishindo kilisikika kutoka uani, kama mlango wa chuma uliobamizwa. Mshale ukaanguka hadi sifuri. Laini ya Tatu ilikuwa imejikata yenyewe baada ya sekunde nne.

Bwana Kamili hakugeuka mara moja. Aliitazama taa nyekundu juu ya kishikio kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi bora aliyefeli. Laini ile iliruhusiwa kubeba ampea mia nne, na kabla ya mgawo saa kama hiyo haikuzidi mia tatu. Alifungua daftari la zamu, akapitisha kidole kwenye mistari ya wiki nzima, akisoma mzigo wa dakika ya kwanza baada ya kurudisha. Jumatatu mia tatu na arobaini. Jumanne mia tatu na sitini. Jumatano mia tatu na themanini. Jana, mia tatu na tisini na tano. Takwimu zote alikuwa ameziandika kwa mkono wake, kwa mwandiko mzuri, na kila siku akasema ni joto.

"Si joto," alisema polepole.

"Ni nini basi?"

"Ni mimi."

Mama Pacha alimtazama, asijue kama acheke.

"Watu wanajua umeme utarudi saa kumi," Bwana Kamili aliendelea. "Hawabahatishi. Kwa hiyo hakuna anayezima kitu. Pasi imechomekwa, pampu imewashwa, mashine ya kusaga ina mahindi ndani, mchomeleaji ameshavaa miwani. Wote wanasubiri sekunde ileile. Ningekuwa mtu wa kuchelewachelewa, wangezima wakaenda zao, wakawasha mmoja mmoja."

"Basi leo ndiyo wanashona sare za mji mzima," Mama Pacha alisema. Sasa hakuwa na mzaha. "Na kunyoa vichwa vya mji mzima."

Wote wawili waliijua kinga ya laini ile, kifaa kilichoikata kila ilipozidiwa mzigo. Iliruhusu kujikata mara mbili ndani ya saa moja. Mara ya tatu ingejifunga, na aliyekuwa na ufunguo wa kuifungulia alikuwa fundi wa ofisi ya mkoa, mwendo wa saa tatu kwa gari. Swichi za nguzoni, ambazo zingewawezesha kuurudisha umeme mtaa kwa mtaa, ziliibwa zamani na nyaya zikaunganishwa moja kwa moja. Ama laini yote iwake, au isiwake kabisa.

Bwana Kamili akachukua simu, akajirekodi kwa sauti ileile ya asubuhi. Aliwaeleza wananchi kilichotokea, akawaomba wazime kila chombo kizito, waache taa moja tu, kwani angejaribu tena saa kumi na dakika kumi na saba kamili. Alisema kweli yote, kwa ufupi na kwa adabu, na alipomaliza aliona kwamba mtu mwenye akili timamu asingeweza kukataa.

Simu ya kituo ikalia. Mama Pacha aliipokea, akasikiliza, akaifunika kwa kiganja.

"Ni dada yako."

Dada yake mdogo hakuwahi kumpigia kazini. Alimkataza mwenyewe, siku ya kwanza ya mgawo, mbele ya ndugu wote, ili asiwepo wa kusema kwamba nyumba ya Bwana Kamili inapata habari kabla ya majirani. Dada huyo alikuwa na kituo cha kutotolesha vifaranga mwisho wa Laini ya Tatu: viangulio vitatu, mayai elfu sita, kazi aliyoianza baada ya kufiwa na mume na ambayo ndiyo iliyomrudishia usingizi.

"Shikamoo, kaka. Najua umenikataza."

"Marahaba. Sema haraka."

"Jenereta imezimika. Mayai yana siku ya kumi na tisa. Vifaranga wako hai mle ndani, kaka, wanapumua, wanatoa joto wenyewe. Feni zikisimama wanaiva. Sasa hivi kipimo kinasoma thelathini na nane na nusu, na kinapanda. Kikipita thelathini na tisa na nusu ni basi."

"Muda gani?"

"Nusu saa. Ikizidi sana, dakika arobaini."

"Kwa nini huna mafuta ya akiba?"

"Niliweka ya saa mbili na kidogo, kwa sababu mkata umeme ni kaka yangu. Angekuwa mtu mwingine ningeweka ya saa tano. Na kituo cha mafuta kiko kwenye laini yako hiyohiyo, pampu zao hazivuti."

Bwana Kamili alimwambia afungue milango ya viangulio nusu, asikate tamaa, akaweka simu chini taratibu kuliko ilivyohitajika.

Saa kumi na dakika kumi na saba kamili akazungusha kishikio.

"Mia tatu," alisoma Mama Pacha. "Mia nne na hamsini. Mia tano na sabini. Lo!"

Kishindo.

Simu ya Bwana Kamili ikaanza kujaa ujumbe. Mwenyekiti wa mtaa wa kwanza alisema watu wake wote wamezima, labda wa mtaa wa pili ndio wakaidi. Mwenyekiti wa mtaa wa pili alisema vivyo hivyo kuhusu mtaa wa kwanza. Sauti ya kinyozi mmoja ilisikika ikisema bila haya, "Bwana Kamili, mimi nimeacha mashine mbili tu, hizo zina ukubwa gani jamani? Waambie wa kusaga!" Na mwenye mashine ya kusaga alisema amezima moja kati ya mbili, hiyo nayo ni kujinyima.

"Kila mtu amemwachia jirani azime," alisema Mama Pacha. "Ungewaomba nini zaidi? Uwapigie magoti?"

"Ikijikata tena, ni hadi usiku."

"Tukisubiri saa moja ya kinga ipite?"

"Tutajaribu baada ya saa kumi na moja, wakati yale mayai yameshakuwa makaburi. Na pasi zitakuwa bado zimechomekwa."

Mama Pacha aliinuka, akaenda dirishani. Chini, nje ya uzio wa kituo, ulipita mtaa wa mafundi cherehani, mabaraza yake yakijaa akina mama waliokaa na vitambaa vya sare mapajani. Hakuna aliyeonyesha dalili ya kuondoka. Mtu aliyeahidiwa na Bwana Kamili husubiri.

"Kuna jambo moja litakalowaondoa pale," alisema bila kugeuka. "Waambie haurudi leo."

"Hiyo si kweli."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Nimewaambia watu hawa kweli kwa siku ishirini na moja!" Ilikuwa mara ya kwanza Mama Pacha kumsikia akipaza sauti chumbani mle. "Wengine wanauza maneno, mimi sina kingine. Leo niseme uongo, na niuseme kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya dada yangu? Hapo nitakuwa nimefanya makosa mawili kwa mdomo mmoja."

"Angekuwa si dada yako?"

Bwana Kamili akaligeukia jopo la swichi.

"Angekuwa mwanamke yeyote, humjui jina, ana viumbe elfu sita vinavyoiva, na laini inakaribia kujifunga mpaka usiku. Ungeshasema zamani, Mzee. Unachokilinda hapo ni sifa yako, usiniambie ni haki."

Mwanamke huyo alikuwa chini yake kwa cheo, na kwa miaka tisa hakuwahi kumwambia neno la namna hiyo. Bwana Kamili alimtazama kwa ukali uliowahi kunyamazisha wanaume. Mama Pacha hakushusha macho. Saa ya ukutani ilisoma kumi na dakika ishirini na tatu.

Akachukua simu. Alijaribu kuanza mara mbili, mara mbili akafuta. Mara ya tatu sauti yake ilitoka sawasawa, tulivu, yenye mamlaka, na huo utulivu wenyewe ulimtisha.

"Ndugu wananchi, Laini ya Tatu imepata hitilafu kubwa. Umeme hautarudi leo. Fungeni kazi zenu, zimeni swichi kuu, nendeni nyumbani. Utarudishwa kesho, saa nne kamili asubuhi."

Alijua kwamba bila lile neno moja, kamili, wasingemwamini, na alilitia kwa makusudi.

Hakumpigia dada yake. Alifikiri juu ya hilo huku ameshika simu, kidole juu ya namba. Kumnong'oneza yeye peke yake kwamba tangazo ni la uongo, hali mji mzima unadanganywa, kungekuwa ndio upendeleo hasa alioapa kutoutenda. Angalau uongo uwe sawa kwa wote. Akaiweka simu mezani, kifudifudi.

Walisimama dirishani pamoja. Kwa dakika tatu hakuna kilichotokea, ila manung'uniko yaliyopanda kutoka mabarazani. Kisha fundi cherehani wa kwanza akafunika mashine yake kwa kitambaa. Wa pili akafuata. Akina mama wakakunja vitambaa, mmoja akitukana kwa sauti iliyofika hadi ghorofani, ukoo wa Bwana Kamili hadi babu wa tatu. Kinyozi alitoka na mteja mdogo aliyeanza kunyolewa saa nane kasoro dakika tano, nusu ya kichwa ikiwa na nywele na nusu inang'aa, mama yake akimvuta mkono na kumziba kwa khanga. Milango ya mabati ikashushwa mmoja baada ya mwingine. Kwa kila mlango Bwana Kamili alijisikia kama kitu kinashushwa ndani yake.

"Tosha?" aliuliza Mama Pacha, saa kumi na dakika thelathini na nne.

"Bado. Wa kusaga hajafunga."

Saa kumi na dakika thelathini na tisa mwenye mashine ya kusaga alionekana akitoka, unga hadi nyusini, akipiga kufuli. Bwana Kamili hakusubiri saa itimie dakika kamili. Alizungusha kishikio hapohapo, katikati ya dakika.

"Mia mbili. Mia tatu. Mia tatu na hamsini. Mia tatu na tisini." Mama Pacha alishika ukingo wa meza. "Mia tatu na tisini na nane. Imesimama. Mzee, imesimama hapo hapo."

Mshale ulitetemeka chini ya alama nyekundu kama unaojishauri. Ukapita muda wa sekunde nne, ukapita wa kumi. Kisha, kwa hiari yake, ukaanza kushuka: mia tatu na themanini, sabini, hamsini.

Mama Pacha akapiga makofi ya furaha. Bwana Kamili tayari alikuwa na simu sikioni. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Ikaita, ikakatika. Mara ya tatu ilipokelewa, lakini hakusikia feni. Alisikia upepo wa nje na mtu anayevuta makamasi.

"Feni zinazunguka?"

"Feni zipi, kaka?" Sauti yake ilikuwa nzito kwa kilio. "Nimesikia tangazo lako kwa jirani. Umesema haurudi. Umesema tuzime swichi kuu. Nimezima, nimefunga mlango, niko nje hapa chini ya ukuta. Sikuweza kukaa nao mle ndani wakifa."

Katika mji mzima, mtu aliyemtii hadi neno la mwisho alikuwa huyu.

"Washa! Umeme umerudi! Kimbia, washa sasa hivi!"

"Lakini umesema..."

"Nilisema uongo! Kimbia!"

Alisikia simu ikianguka, nyayo, ufunguo ukihangaika na kufuli, ukikosa tundu, ukikosa tena. Alisikia mlango. Kisha mlio wa swichi nzito, na baada yake mvumo uliopanda taratibu, feni moja, feni ya pili, ya tatu. Alisubiri akiwa amesimama wima kama mtu anayesikiliza hukumu. Zilipita dakika nyingi kabla simu haijaokotwa.

"Viangulio viwili vinasoma thelathini na tisa," alisema dada yake, akihema. "Vinashuka. Nasikia wanalia ndani ya mayai. Cha tatu kilipita arobaini. Hicho kimya, kaka. Elfu mbili. Kimya kabisa."

"Ningekwambia, wangepona."

"Ndiyo."

Dada yake hakumlaumu, na hilo lilimchoma kuliko lawama.

Bwana Kamili alijirekodi tena. Alitangaza kwamba umeme umerudi, kwamba tangazo la awali lilikuwa la uongo, kwamba aliyelitunga ni yeye kwa akili zake timamu, na akaeleza sababu. Alitaja pia kwamba miongoni mwa vilivyonusurika ni kituo cha dada yake wa damu. Mama Pacha alimwomba aliache hilo la mwisho. Hakuliacha.

Haikupita robo saa, mtu aligonga lango la kituo. Alikuwa fundi cherehani wa kwanza kufunika mashine, mzee mfupi, utepe wa kupimia ungali shingoni. Bwana Kamili alishuka mwenyewe kumkabili.

"Wateja wangu kumi na wanne wameondoka," alisema fundi. "Jumatatu watoto wao watakwenda shule na sare za mwaka jana. Nimewatoa barazani kwa mkono wangu, nikawaambia, huyu akisema haurudi, haurudi. Nimeapa kwa jina lako, bwana. Nimeapa mbele za watu."

"Nimekosa. Sina cha kujitetea."

"Na kweli yule ni dada yako?"

"Tumbo moja."

Fundi alimtazama toka viatu hadi kola. Huenda alikuja na matusi tayari, lakini majibu yale hayakumpa pa kuyaanzia. Alivuta utepe shingoni, akauviringisha kidoleni.

"Kesho zamu yetu saa ngapi?"

"Saa nane kamili hadi saa kumi..." Neno lilimkwama. "Hadi saa kumi."

"Basi nikwambie kitu. Tumekaa pale barazani, tumekubaliana, mimi, kinyozi na yule wa kusaga. Kuanzia kesho ukikata, tunazima kila kitu. Pasi, mashine, hadi feni. Wala hatuwashi mpaka tuone taa ya njiani inawaka kwa macho yetu, na hapo tutangoja kidogo, maana hata hiyo taa sasa hatuiamini. Neno lako lilikuwa linatosha. Sasa halitoshi."

Akageuka, akaenda zake, bila kuaga.

Bwana Kamili alibaki langoni na mikono yake mirefu pembeni. Hesabu ilijipiga yenyewe kichwani, hakuhitaji daftari: wakizima hivyo wote, na kuwasha mmoja mmoja kwa wasiwasi, kesho saa kumi mshale usingefika hata mia tatu. Laini ingeshika mara ya kwanza. Ingeshika keshokutwa, na wiki nzima, na majira yote ya joto, na hakuna yai ambalo lingekufa tena. Mama Pacha alimwita kutoka dirishani, kwamba watu wa makao makuu wako kwenye simu na wanataka kumpongeza kwa kuiokoa laini. Alimwashiria kwa mkono awaambie hayupo.